Punje Iliyotupwa Pamoja na Pumba

Anayechambua mchele huogopa jiwe. Punje kumi zikianguka chini pamoja na pumba, kuku watazila na hakuna atakayelalamika. Lakini jiwe moja likibaki, sinia zima huharibika. Iko kazi nyingine ya kuchambua ambayo hofu yake ni kinyume cha hiyo. Ni kazi ya wataalamu wa tiba wanaokusanya makala zote zilizoandikwa juu ya dawa fulani ili wajue kama inafaa au haifai. Kwao jiwe si tatizo kubwa, maana litaonekana tu makala itakaposomwa yote. Tatizo ni punje iliyotupwa, kwa kuwa iliyotupwa hairudi kusema kwamba imetupwa.

Kazi hiyo huitwa mapitio yenye utaratibu, na miaka hii sehemu kubwa ya uchambuzi wake imeanza kukabidhiwa programu za kompyuta zinazojifunza. Wapo wanaoshangilia na wapo wanaotia shaka. Kabla ya mtu kuchagua upande, mimi naona yafaa tutazame jambo hili limetoka wapi, kwa sababu hofu ya punje iliyotupwa ni ya zamani kuliko programu hizo.

Mwaka 1972 yalitokea mambo matatu, kila moja mahali pake, wala wahusika hawakujua kwamba siku moja kazi zao zingekutana. La kwanza lilitokea Auckland, New Zealand. Huko Graham Liggins na Ross Howie walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa akina mama 282 waliokuwa hatarini kuzaa kabla ya wakati. Mama hao waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakadungwa sindano ya dawa ya jamii ya steroidi, wengine wakakosa. Watoto wa waliopata dawa walipumua vizuri zaidi, na waliokufa miongoni mwao walikuwa wachache zaidi.

La pili lilitokea Uingereza. Daktari mmoja Mskoti, Archie Cochrane, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mfungwa wa Wajerumani akiwatibu wafungwa wenzake, alichapisha kitabu kidogo cha kuwahoji madaktari. Aliuliza: katika tiba tunazotoa kila siku, ni ngapi ambazo tuna ushahidi kwamba zinasaidia? Miaka saba baadaye, mwaka 1979, aliwalaumu wenzake waziwazi kwamba hawajajipanga kukusanya na kupima majaribio yote ya namna hiyo katika kila tawi la tiba. La tatu lilitokea Cambridge, nalo nitalieleza mbele.

Lawama ya Cochrane ilikuwa na uzito kuliko yeye mwenyewe alivyoweza kujua. Baada ya Auckland, majaribio mengine ya sindano ile yalifanyika katika nchi mbalimbali. Mengi yalikuwa madogo, na dogo likisimama peke yake halithibitishi kitu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kama kila mtu anashika haba yake nyumbani kwake. Hadi mwaka 1989 hapakuwa na mtu aliyechapisha mapitio ya kuyaweka pamoja. Yalipowekwa pamoja, ilidhihirika kwamba dawa ile hupunguza sana vifo vya watoto njiti. Ushahidi ulikuwa umekaa katika rafu za maktaba kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo watoto wengi walizaliwa na kufa bila mama zao kupewa sindano.

Iain Chalmers, aliyekuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo, ndiye aliyeongoza kituo kilichofunguliwa Oxford mwaka 1992 kwa jina la Cochrane. Mwaka uliofuata kikazaliwa chama cha kimataifa cha jina hilohilo. Nembo yake hadi leo inaonyesha majaribio ya sindano ile, kila moja likiwa mstari mmoja mdogo.

Katika miaka ile ya mwanzo kuchambua kulikuwa kazi ya mikono na macho. Watu wa kujitolea waliketi na majarida ya miaka na miaka, wakafunua ukurasa baada ya ukurasa wakitafuta majaribio. Orodha za kompyuta zilikuwapo, lakini hazikutosha, kwa kuwa majaribio mengi hayakuwa yameorodheshwa kama majaribio. Ukawekwa utaratibu ambao mpaka leo unaheshimiwa: watu wawili wasome kila kichwa na kila muhtasari, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Ni utaratibu wa haki, lakini unachosha. Mapitio moja huweza kuanza na vichwa elfu tano au kumi, na mwishoni zikabaki makala ishirini tu. Mwaka 2010 Chalmers na wenzake wawili walikadiria kwamba kila siku duniani huchapishwa majaribio 75 ya tiba. Walichokuwa wakiuliza ni kama yuko mwanadamu atakayeweza kwenda na mwendo huo.

Hapo ndipo kompyuta ilipoitwa. Lakini wazo la kuifundisha kupanga makala lilikuwa na umri mkubwa. Mwaka 1961 huko California, M. E. Maron alichukua mihtasari 405 ya makala za elimu ya kompyuta. Kwa mihtasari 260 alihesabu ni maneno gani huandamana na mada gani, kisha akatumia hesabu hiyo kubashiri mada za mihtasari 145 iliyobaki. Kompyuta haikuelewa hata sentensi moja. Ilihesabu maneno tu, na hesabu hiyo ikatosha kubashiri kwa kiasi cha kushangaza.

Na sasa lile jambo la tatu la mwaka 1972. Karen Spärck Jones wa Cambridge alieleza kwamba neno linaloonekana katika makala chache lina uzito kuliko neno linaloonekana kila mahali. Neno "mgonjwa" halitusaidii, maana limo katika kila makala ya tiba. Lakini jina la dawa fulani ya steroidi likitokea, tunajua tumekaribia tunachokitafuta. Kanuni hiyo, nyepesi kama inavyoonekana, imetumika katika programu nyingi za kuchambua makala.

Mwaka 2006 Aaron Cohen na wenzake wa Oregon, Marekani, waliijaribu njia hii katika mapitio 15 ya dawa. Walijiwekea sharti: programu isipoteze zaidi ya makala 5 katika kila 100 zinazofaa, kisha wakapima ni kazi kiasi gani mchambuzi ameokolewa. Baadaye ikaja mbinu ya kujifunza hatua kwa hatua. Mchambuzi husoma mihtasari michache na kusema hii inafaa, hii haifai. Programu hutazama maneno ya zile alizokubali, hupanga upya rundo lote, na kumletea mbele zile inazodhani zinafanana nazo. Kila jibu lake linaifundisha zaidi. Ndivyo zilivyoundwa programu kama Abstrackr ya Marekani mwaka 2012 na ASReview ya Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, iliyoelezwa rasmi mwaka 2021. Rayyan, iliyotengenezwa Qatar na kutangazwa mwaka 2016, nayo huwasaidia wachambuzi kwa namna inayokaribia hiyo.

Faida yake ni ya kweli. Mchambuzi huziona makala zinazofaa mapema, na baada ya hapo hukutana na "haifai, haifai, haifai" mfululizo. Basi hujiuliza: niache? Hapo ndipo ugumu ulipo. Programu inaweza kuyapanga makapi vizuri sana, lakini swali la wakati wa kuacha inamrudishia mtu.

Yule Maron aliyeifundisha kompyuta mwaka 1961 alirudi tena mwaka 1985, safari hii akiwa na David Blair, na habari waliyoileta haikuwa ya furaha. Walichunguza kesi moja kubwa ambayo mawakili walikuwa na hati zipatazo 40,000 ndani ya kompyuta. Mawakili walitaka wapate angalau 75 katika kila 100 ya hati zinazohusika, na walipomaliza kutafuta waliridhika kwamba wamezipata. Blair na Maron wakachukua sampuli katika rundo lililoachwa wakaisoma. Kumbe mawakili walikuwa wamepata kiasi cha 20 tu katika 100.

Sababu ilikuwa maneno. Mawakili walitafuta "ajali", lakini waliokuwa na sababu ya kuona haya hawakuandika "ajali". Waliandika "tukio lile" au "hali iliyojitokeza". Kompyuta haikukosea. Ilileta kilekile ilichoagizwa, na walioagiza wakalala usingizi mzuri.

Inafaa tukumbuke kwamba programu ya leo nayo hufundishwa na maneno ya makala zilizokwisha kukubaliwa. Makala inayozungumza lugha tofauti, au isiyo na muhtasari kabisa, ina hatari ya kusukumwa nyuma. Orodha kubwa ya Marekani iitwayo MEDLINE ilianza kuweka mihtasari mwaka 1975, kwa hiyo makala nyingi za kabla ya hapo zimo kwa vichwa tu. Makala ya Liggins na Howie ilikuwa na bahati, kwa kuwa kichwa chake chenyewe kinataja kwamba ni jaribio. Si kila mwandishi wa zamani aliyekuwa mwangalifu hivyo.

Wengine husema kwamba kupoteza makala 5 katika 100 si hoja, hata binadamu aliyechoka hupoteza. Ni kweli kwamba binadamu hupoteza. Ila makala hazilingani uzito. Turudi kwenye sindano ileile. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, la kuisambaza sindano hiyo hata mahali pasipo na hospitali kubwa. Vifo vya watoto waliozaliwa wadogo sana havikupungua, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka. Mwaka 2020 jaribio jingine, ambalo Kenya ilikuwamo tena, lilionyesha kwamba katika hospitali zenye uwezo wa kupima umri wa mimba na kumhudumia mtoto njiti, sindano huokoa maisha.

Makala ya mwaka 2015 haikuandikwa kwa maneno ya majaribio ya zamani. Ilizungumzia mkakati, utekelezaji na jamii. Sisemi kwamba programu yoyote iliitupa. Nasema kwamba makala inayokwenda kinyume na wenzake ndiyo inayoweza kutofanana nao kwa maneno, na ndiyo ambayo mama wa kijijini angeumia zaidi kama ingepotea. Ukihesabu makala tu, hiyo ni moja katika mia. Kwa mama huyo hesabu ni nyingine.

Siku hizi zimekuja pia kompyuta zinazojibu maswali kwa ufasaha kama mtu, na watafiti wamekwisha kuzijaribu katika uchambuzi huu. Zitasaidia, na huenda zikasaidia sana. Lakini swali tutakalozihoji ni lile la mwaka 1985: umejuaje kwamba ulichoacha hakina kitu?

Sioni sababu ya kuikataa mashine. Watoto waliokufa kati ya 1972 na 1989 walikufa kwa sababu hakuna aliyekuwa na mikono ya kutosha wala utaratibu wa kukusanya, na anayesifu uchambuzi wa mikono asiwasahau hao. Ninachoomba ni kidogo, nacho kinapatikana kwa yeyote: programu ikimaliza kazi, mchambuzi achote mikono miwili mitatu kutoka rundo lililotupwa, bila kuchagua, asome mwenyewe, kisha aandike wazi alichokuta. Blair na Maron walifanya hivyo. Na hata nyumbani, mpepetaji mwenye busara, kabla ya kuwaita kuku, huinama akazitazama pumba.