Ritifaa ya Ng' katika Anwani za Barua Pepe

Mtumishi atokaye Kinole, katika Milima ya Uluguru, hapati taabu kuliandika jina la kijiji chake katika anwani ya barua pepe. Wala jina Kingalu, ambalo ni cheo cha watawala wa jadi wa huko, halina tatizo. Lakini mwenzake wa Mang'ula, katika mkoa huo huo wa Morogoro, hukutana na kikwazo, nacho ni alama ya ritifaa. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya kikwazo hicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyokuwa London, ilipendekeza herufi ŋ kwa sauti hiyo. Kiewe cha Ghana na Togo kinaitumia hadi leo. Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930, kilibaki na ng', maandishi yanayowezekana kwa mashine yoyote ya chapa.

Uamuzi huo ulikuja kutufaa baadaye. Msimbo wa ASCII wa mwaka 1963 una nafasi 128 tu: é haimo, ŋ haimo, lakini ritifaa imo. Barua pepe, iliyoanza kutumia alama ya @ mwaka 1971, ilijengwa juu ya msimbo huo. Kanuni za kuruhusu herufi nyinginezo katika anwani zilitolewa mwaka 2012.

Kwa hiyo kikanuni ritifaa imeruhusiwa tangu awali. Hata hivyo, programu nyingi huikataa. Nyingine huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo haimo katika zile nafasi 128. Ndiyo maana ofisi huiacha.

Je, hasara iko wapi? Ng'oa si ngoa: la kwanza ni kutoa kitu kilichoshika ardhini, la pili ni wivu au tamaa. Ikiwa neno hupotea hivyo, na jina la mtu vivyo hivyo.

Twapendekeza basi mambo mawili. Kwanza, ritifaa iachwe katika anwani pekee, ili barua zifike. Pili, jina lionekanalo mbele ya anwani, pamoja na orodha za watumishi na vyeti, liandikwe kwa ukamilifu. Anwani ifuate jina. Jina lisisahihishwe kwa kufuata anwani.