Mali Bila Daftari: Ramani ya Nyumba ya Zamani

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumzie karatasi. Si noti wala hati ya kiwanja, bali karatasi moja ambayo familia nyingi za mjini hazijui iliko: ramani ya nyumba wanayolala.

Jambo hili lilinifika mwenyewe. Nyumba ya marehemu babu yetu iko Kariakoo, Dar es Salaam. Ni nyumba ya vyumba sita, ujia katikati, baraza mbele na uani nyuma. Nyumba ambayo aliyekulia mjini anaijua hata akifumba macho. Sisi wajukuu tuligawanyika. Wengine walitaka kuongeza ghorofa moja ili tupangishe, na fundi alikwishagonga ukuta kwa ngumi akasema msingi ni chuma. Shangazi alikataa. Alisema ukuta wa chumba cha nyuma una ufa unaozibwa kila mwaka, na kila mwaka unarudi. Nikaona kabla ya kuendelea kubishana tutafute ramani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta kwa jina la babu. Majalada ya viwanja hufuatwa kwa namba ya kiwanja na kitalu. Mtu hufa na nyumba huuzwa, lakini kiwanja hakihami. Namba yetu niliipata kwenye stakabadhi ya zamani ya kodi. Tena kuna mtego wa majina ya mitaa. Barabara ya Samora ya leo iliwahi kuitwa Independence Avenue, na kabla ya hapo Acacia Avenue. Anayetafuta karatasi ya mwaka 1950 kwa jina la leo ataambiwa hakuna kitu kama hicho, na mwenye kumwambia hatakuwa amesema uongo.

Jalada letu lilipatikana katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ndani mlikuwa na barua mbili na vumbi. Ramani haikuwemo.

Nikajiuliza kama iliwahi kuwepo. Hapo ndipo historia inapoingia. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, na majengo yao yalichorwa kwa rula: Hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa mwaka 1897, kanisa la Kilutheri la Azania Front lililomalizika mwaka 1902. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, walipigishwa kambi mahali ambapo wenyeji walipageuza jina kuwa Kariakoo. Baada ya vita mji uligawanywa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika.

Katika kanda hiyo ya tatu mitaa ilinyooshwa vizuri na mpima ardhi, lakini nyumba za miti na udongo, zenye paa la makuti au madebe, zilijengwa bila mchora ramani. Ramani ilikuwa kichwani mwa fundi, na vipimo vilikuwa kamba yake na hatua zake. Kwa hiyo ndugu zangu, ukikosa ramani usifikiri daima kwamba imeibwa. Huenda serikali ya wakati ule haikuona nyumba ya babu yako inastahili kuchorwa. Walipoanza kubomoa udongo na kujenga kwa saruji ndipo wengi wao walipotakiwa kupeleka mchoro upigwe muhuri.

Yetu ilikuwa ya saruji. Nilipomweleza hayo shangazi, alinyamaza, kisha akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za mabati palikuwa na karatasi ya buluu iliyokunjwa mara nane, mistari yake myeupe. Zamani michoro ilinakiliwa hivyo: karatasi ilipakwa dawa yenye chumvi za chuma, mchoro ukawekwa juu yake, vikaanikwa juani, kisha karatasi ikaoshwa. Palipopigwa na mwanga palikuwa buluu. Njia hiyo iligunduliwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842.

Karatasi ilisema mambo matatu. Kwanza, nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Viwili vya nyuma viliongezwa baadaye bila mchoro. Pili, msingi ulikuwa wa futi mbili, yaani sentimita 61 hivi, kwa nyumba ya chini tu. Tatu, nyuma palikuwa na duara dogo: shimo la choo. Tulipopima kwa kamba, duara lile liliangukia chini ya chumba chenye ufa.

Ramani si msahafu. Fundi anaweza kuchorewa hili akajenga lile. Mhandisi alituambia tuchimbe pembeni tuone wenyewe. Tulichimba. Karatasi ilikuwa imesema kweli, na habari ya ghorofa ikaishia pale. Wapo ndugu ambao hadi leo wananiona nimewanyima riziki.

Lakini mimi nakumbuka Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoanguka na kuua watu 36. Nakumbuka pia Novemba 2024, ghorofa ilipoporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kila mara swali la kwanza la wananchi lilikuwa moja: ramani ilisemaje?

Tusingoje swali hilo liulizwe juu ya kifusi. Fungua sanduku la wazee. Andika namba ya kiwanja na majina yote ya zamani ya mtaa. Uliza jirani ambaye nyumba yake ilijengwa na fundi yule yule. Usipopata kitu, mwite mtu apime nyumba ilivyo leo, aichore, nakala moja ikae kwa ndugu mwingine. Na waulize wazee wangali hai, maana shangazi alikuwa na jibu tangu mwanzo, hakuna aliyemuuliza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba nayo ni mali, na ndani yake wamelala watoto.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.