Kutoka kwa Mkaguzi hadi kwa Timu: Upimaji wa Programu za Kompyuta, 1979–2009

Historia ya upimaji wa programu za kompyuta huelezwa mara nyingi kama historia ya zana. Insha hii inaitazama kama historia ya mamlaka: nani mwenye haki ya kutamka kwamba programu iko tayari kutumika.

Mwaka 1979, Glenford Myers alichapisha kitabu The Art of Software Testing. Alishikilia kuwa kupima ni kuendesha programu kwa nia ya kufichua makosa, na kwamba mwandishi wa programu aepuke kupima kazi yake mwenyewe. Hoja hiyo iliafikiana na utaratibu wa hatua kwa hatua, ambapo upimaji ulifanywa mwishoni na kikosi tofauti. Udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa ucheleweshaji: kosa la mwanzoni liligunduliwa baada ya mengi kujengwa juu yake.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, C3, mradi wa mfumo wa mishahara wa kampuni ya Chrysler nchini Marekani, uligeuza mpangilio huo. Wakiongozwa na Kent Beck na Ron Jeffries, waandishi wa programu waliandika wenyewe majaribio ya kila sehemu ndogo, wakayaendesha kila walipounganisha kazi mpya. Mwaka 1997, Beck na Erich Gamma waliunda JUnit, zana ya majaribio kwa lugha ya Java. Jicho la nje likawa la mteja, aliyetakiwa kubainisha majaribio ya kuipokea kazi.

Februari 2001, watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, walitoa ilani ya uundaji nyumbufu, yaani wa awamu fupi zinazoruhusu mabadiliko. Ilani hiyo haikutaja upimaji popote, ingawa Brian Marick, mmoja wao, alitoka katika fani hiyo. Mwaka 2003 Marick aliyagawa majaribio katika mafungu manne, akitenganisha yanayoisaidia timu kujenga na yanayoihakiki bidhaa. Mwaka 2009 Lisa Crispin na Janet Gregory waliuendeleza mgawanyo huo katika kitabu Agile Testing, wakimweka mpimaji ndani ya timu.

Inabainika, basi, kwamba hoja ya Myers haikubatilishwa, bali ilihamishiwa ndani ya timu. Jaribio la mwandishi wa programu huthibitisha alichokusudia, halifichui asichokiwaza. Timu inayomwondoa mpimaji kwa sababu majaribio yote yamefaulu hupata kasi, lakini hupoteza shaka, ambayo ndiyo kiini cha upimaji.