Samuye Kila Mtu Mtabiri, Ila Kushuka kwa Stand Hakuna Aliyekuona

Wadau, kila ikifika Julai Samuye inageuka kijiji cha watabiri. Mashamba yamekauka, ligi imesimama, watu wana muda. Kijiweni bodaboda anakupangia msimamo wa msimu ujao: Yanga wa kwanza, Simba wa pili, Azam wa tatu, halafu anakata hapo hapo kama vile ligi ina timu tatu. Muulize nani atashuka, anakuangalia kama umemtukana.

Na kupanga huko juu siyo kazi, tuseme ukweli. Toka 2001 kombe linazunguka Simba na Yanga tu, ukitoa msimu wa 2013/14 Azam walipolibeba bila kufungwa hata mechi moja. Wote watatu wa Dar. Timu ya mwisho kulichukua kutoka mikoani ni Mtibwa Sugar ya Morogoro, 1999 na 2000. Kitambo zaidi kulikuwa na maajabu: 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda daraja na kubeba ubingwa msimu huo huo. Weka mkeka wa aina hiyo leo uone utakavyochekwa.

Kwa hiyo shughuli ya kutabiri iko mkiani. Na mkiani ndiko walikopita wa kwetu.

Turudi 2014. Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi pale Shinyanga mjini, inapanda Ligi Kuu. Mwaka unaofuata na Mwadui nao wakapanda, timu ya kule kwenye mgodi wa almasi. Yaani Shinyanga, mkoa ambao watu wa Dar walikuwa wanaujua kwa vumbi na ng'ombe, ghafla una timu mbili za Ligi Kuu. Kambarage inajaa. Mtu anatoka Samuye asubuhi na bodaboda, anarudi usiku hana sauti.

Stand wakapata udhamini wa Acacia, kampuni ya dhahabu. Hela ikaja na ugomvi wake. Uongozi ukagawanyika, huyu anasema timu ya kampuni, yule anasema timu ya wanachama, na mwaka 2016 Acacia wakajiondoa. Watabiri wote wakasema basi, hawa wamekwisha. Septemba 25, 2016, Yanga bingwa mtetezi anakuja Kambarage, anapigwa moja bila, goli la Pastory Athanas. Msimu ule Yanga na Simba walimaliza na pointi sawa, 68 kwa 68, Yanga akachukua kwa uwiano wa magoli. Fikiria kagoli kale kamoja ka Shinyanga kalivyokaribia kuhamisha kombe.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia. Tukaanza kupima timu kwa siku iliyomfunga mkubwa.

Sasa nije kwa jamaa yangu mmoja wa Samuye, jina kapuni. Msimu wa 2018/19 Stand walifungwa na Yanga 4-3 Taifa, Alex Kitenge akipiga hat-triki upande wa Stand. Jamaa akasema timu inayofunga tatu Taifa haishuki. Januari 19, 2019, Yanga anakuja Kambarage akiwa hajafungwa mechi yoyote ya ligi msimu ule. Dakika za mwisho mwisho Jacob Massawe anaweka kamba, 1-0. Wee! Usiku ule Samuye hakukulalika. Jamaa akasimama katikati ya kibanda umiza, mbele za watu, akasema Stand wanamaliza ndani ya kumi bora, na anaweka beberu wake. Yule beberu alimnunua kwa hela ya dengu, na nyumbani alikuwa ameshamuahidi mama watoto kwamba ndiye ada ya mtoto. Fundi cherehani mmoja, Simba damu, mtu mpole haongei sana, akasema sawa.

Kwa nini fundi alikubali? Nilikuja kumuuliza baadaye. Hakuwa na habari na Kitenge wala Massawe. Alisema, "Hesabu nauli." Msimu ule ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, na haikuwa na mdhamini mkuu, maana Vodacom mkataba wao ulikuwa umeisha. Kutoka Shinyanga mpaka Mtwara kucheza na Ndanda ni basi, kulala, kula, na kurudi kwa basi. Timu ya Kariakoo ina mashabiki nchi nzima wa kuibeba, Stand ina stendi. Fundi anashona jezi na sare za shule, anajua mteja akianza kulipa nusu nusu mwisho wake nini.

Mwezi Mei Simba bingwa na pointi 93, Yanga wa pili na 86. Hayo kila mtu aliyapatia. Stand? Wa 19 kati ya 20. Wakashuka na African Lyon. Mwadui wenyewe walinusurika kwenye mchujo, tena kwa kuwatoa Geita.

Beberu alikabidhiwa mchana kweupe. Ada ikatafutwa kwa kuuza simu, na ndani ya nyumba ile ilikuwa baridi kama wiki tatu hivi. Siongezi hapo.

Mnadhani tulijifunza? Oktoba 30, 2019 Mwadui wanampiga Simba 1-0 pale pale Kambarage, goli la Gerald Mdamu. Samuye ikaanza tena, Mwadui hawashuki hawa! Msimu wa 2020/21 wakamaliza wa mwisho kabisa. Kinachouma, Mei 2021 ndipo TFF na Azam Media waliposaini ule mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Hela ya tivii inaingia mlango wa mbele, Mwadui wanatokea wa nyuma.

Geita Gold ndio walinivuruga mimi mwenyewe. Walipanda 2021, msimu wa kwanza wakashika nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora na magoli 17, Mayele wa Yanga akiwa na 16. Nilisema hadharani: hawa wana mgodi wa GGML mgongoni, miaka mitano watakuwa wanagombea ubingwa. 2024 wakashuka. Kwa hiyo nikimcheka mtu wa beberu, najicheka na mimi.

Msimu wa 2024/25 Yanga akabeba la nne mfululizo na Kagera Sugar akaenda na maji, Kanda ya Ziwa tukabaki na Pamba Jiji peke yake. Stand walifika mpaka mchujo wa kupanda, Fountain Gate akawazibia njia. Nilikuwa Samuye wiki ile. Jamaa yangu hakuweka kitu, hata soda.

Kabla ya msimu wa 2025/26 nilimpigia, nikamwambia haya bana, unaonaje. Akacheka, akasema Yanga na Simba niwaulize watoto. Yeye macho yake yalikuwa Championship, alikuwa ameanza kuulizia Stand wana basi au hawana, mishahara ya Juni imetoka au bado. Halafu kwa sauti ya chini, nadhani mkewe alikuwa karibu, akaniuliza kama yule fundi bado anapokea mbuzi.