Kware: Mji Uliozaliwa Shimoni

Ukishuka matatu ya 125 hapa Rongai umwambie mtu wa boda akupeleke Kware, hatakuuliza mara mbili. Mimi nilikaa huko mwaka mzima kabla ya kujiuliza jina lenyewe lilitoka wapi. Si la Kimaasai. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, likasuguliwa na ndimi za vibarua mpaka likawa letu.

Miaka ya 1950, Ongata Rongai ilikuwa machimbo kabla ya kuwa mji. Watu walikuja kuchonga mawe, wakajenga vibanda karibu na kazi, na vibanda vikazaa mitaa. Mawe yakapanda malori kwenda kujenga kwingine. Huku yakabaki mashimo.

Hesabu za uchimbaji huwa ni za kilichotoka. Mimi nina sababu ya kuhesabu kilichobaki: nyumba niliyopanga imesimama juu ya shimo la zamani, lililojazwa taka na udongo. Ukuta wa chumba changu una ufa unaoingiza kidole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia la kufanya ukuta ukijengwa juu ya shimo lisilozibwa vizuri.

Siku hizi tunasikia sana "uchumi mzunguko": usitupe kinachoweza kutumika tena, na ukichukua kwa ardhi, irudishie uhai. Ukweli ni kwamba wachimbaji wa mawe wamefanya nusu ya hayo bila semina yoyote. Vipande vinavyovunjika wakati wa kuchonga hugongwa kwa nyundo vikawa kokoto. Mawe mabovu huenda kwenye misingi. Vumbi huchanganywa na simiti kufyatua matofali. Hakuna anayeita hiyo kutunza mazingira. Ni pesa ya unga wa jioni.

Nusu ya pili, ile ya ardhi, haikufanyika hapa. Lakini Kenya tunajua inawezekana. Kule Bamburi, Mombasa, kiwanda cha simiti kilianza kazi mwaka 1954 na kuacha jangwa la matumbawe lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, mvinje ikiwa mojawapo. Kisha tatizo jipya: majani ya mvinje yalianguka na hayakuoza. Dawa ikawa jongoo. Walikula majani, wakaacha mbolea, udongo ukaanza kuumbika, na msitu ukafuata. Leo ni Haller Park, pale ambapo Owen, kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya 2004, alifanya urafiki na kobe mzee.

Karibu nasi kuna mzunguko mwingine. Barabara inayokata Rongai inaishia Magadi, ambako magadi yamechimbwa kibiashara tangu enzi ya kampuni iliyoundwa mwaka 1911. Magadi hutumika kutengeneza glasi. Na ukikata kona hapa Rongai kuelekea Maasai Lodge, utafika Kitengela Glass, karakana iliyoanzishwa na Nani Croze, ambako vioo chakavu huyeyushwa vikawa glasi na shanga. Kwa hiyo barabara moja ina mwanzo wa glasi na maisha yake ya pili.

Tofauti ya Bamburi na Kware si akili. Kule shimo lilikuwa na mwenyewe, tena mwenye mfuko. Huku mashimo yaligawanywa ploti, yakauzwa, yakauzwa tena. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mchimbaji airejeshe ardhi, na hiyo ni sawa kwa mashimo ya kesho. Ya jana nayo? Nani aitwe, wakati aliyechimba alishaondoka na aliyejaza alishauza?

Kila mvua ikinyesha, napima ufa wangu kwa kidole. Shimo bado linadai.