Daraja la Selma na Mawe ya Gilgali

Fungua Yoshua 4. Israeli walipovuka Yordani waliamriwa watoe mawe 12 mtoni, ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na la kujibu.

Mji wa Selma, Alabama, kule Marekani, una daraja. Kila Machi watu hulivuka tena kukumbuka jinsi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ilivyopatikana. Rais Johnson ndiye aliyetia sahihi, tarehe 6 Agosti. Lakini usianzie kwake, anzia kwa shemasi.

Jimmie Lee Jackson, miaka 26, alikuwa shemasi wa Kibaptisti mji jirani wa Marion. (Wewe unayesema kura si mambo ya waliookoka, msikilize huyu.) Alijaribu kujisajili mara kadhaa, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Februari 1965 polisi walivamia waandamanaji. Akimkinga mamake, akapigwa risasi, akafa siku nane baadaye.

Tarehe 7 Machi, siku ya Jumapili, watu kama 600 walitoka kanisa la Brown Chapel, Selma. Darajani wakapigwa virungu na kutupiwa vitoa machozi. Hawakuacha. Tarehe 21 walianza upya kuelekea Montgomery, na mbele yupo babu yake Jimmie, mzee wa miaka 82.

Mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu huko ilidhoofisha sheria hiyo. Selma bado wanavuka, na watoto wao wamo.