Karisimbi, Makao ya Ryangombe: Visa vya Mlima na Neno la Kuvisimulia

Katika somo la fasihi simulizi niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kusimulia, kwa Kiswahili, kisa kimoja cha mahali patakatifu hapa Rwanda. Mmoja wao, mzaliwa wa Musanze, alisimulia kisa cha Ryangombe vizuri sana mpaka alipofika kwenye neno imandwa. Akaandika "mashetani". Nilimuuliza kama bibi yake, ambaye ndiye aliyemhadithia, alikuwa akiyaheshimu mashetani. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Makala haya yametokana na kimya hicho.

Karisimbi ndio mlima mrefu kuliko yote nchini Rwanda. Una urefu wa mita 4,507, na kilele chake kiko mpakani na Kongo. Siku hizi wageni wengi wanaufahamu kwa sababu ya sokwe wa milimani na kituo cha utafiti cha Karisoke, kilichoanzishwa na Dian Fossey mwaka 1967 na kupewa jina lililoungwa kutokana na milima ya Karisimbi na Bisoke. Hata hivyo, kabla ya watafiti na watalii, mlima huu ulikuwa makao ya Ryangombe, mkuu wa imandwa.

Masimulizi yake ni mengi na yanatofautiana, lakini kiini chake ni hiki. Ryangombe, mwana wa Babinga, alikuwa mwindaji hodari. Baba yake alipofariki, aligombea ukuu na Mpumutumucuni, nao wakakubaliana kuamua kwa igisoro, mchezo ambao Waswahili wanauita bao. Ryangombe alikuwa akishindwa mpaka alipotokea mwanawe Binego, akamwonyesha namna ya kucheza, kisha akamuua yule mpinzani.

Baadaye, usiku mmoja kabla ya mawindo, mama yake Ryangombe aliota ndoto mbaya akamsihi asitoke. Hata mshipi wake aliulaza mlangoni ili kumzuia. Mwana akauruka, akaenda. Huko porini alikutana na msichana asiye na matiti, ambaye ni dalili ya mkosi katika imani za Wanyarwanda wa kale. Msichana huyo akageuka nyati, akamchoma Ryangombe kwa pembe. Alipokuwa anakufa, mti wa umuko ndio uliompokea. Wenzake hawakukubali kubaki nyuma, wakafa pamoja naye. Tangu hapo wote wakawa imandwa, na makao yao yakawa Karisimbi.

Kutokana na kisa hiki tunaelewa alama takatifu za imani hii. Umuko, wenye maua mekundu kama damu, uliheshimiwa, na chini yake ndipo watu walipokutana kwa ibada ya kubandwa, yaani kuingizwa katika kundi la waumini wa Ryangombe. Milima nayo iligawanywa. Aliyebandwa, akifa, alitarajia kwenda Karisimbi kukaa na Ryangombe kwa raha. Asiyebandwa alitishiwa moto wa Nyiragongo, volkano iliyoko upande wa Kongo. Si vigumu kuona chanzo cha tishio hilo: Nyiragongo bado inawaka, na ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kubandwa hakukubagua. Mhutu, Mtutsi na Mtwa, mwanamume na mwanamke, wote waliruhusiwa. Mwami mwenyewe hakubandwa, lakini ikulu ilikuwa na mtu mwenye cheo cha umwami w'imandwa. Ryangombe alivuka hata mipaka ya nchi: huko Burundi anajulikana kwa jina la Kiranga.

Milima mitakatifu haiko kwetu tu. Wakikuyu waliomba wakielekea Kirinyaga, na Wamaasai wana Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Huko India, Wahindu huamini kwamba vilima saba vya Tirumala, penye hekalu la Venkateswara, ni vichwa saba vya nyoka Shesha. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuliita hekalu hilo nyumba ya mashetani. Kwa nini basi tunawaita hivyo walio juu ya Karisimbi?

Jibu linapatikana katika historia. Wamisionari wa Kanisa Katoliki walianzisha misheni ya Save mwaka 1900. Kwao, ibada za siri za kubandwa zilikuwa kazi ya Shetani. Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Tangu hapo aliyebandwa alijificha. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hakufasiri neno la bibi yake. Alifasiri hukumu iliyotolewa juu ya neno hilo.

Tukiangalia msamiati wa Kiswahili, tunakuta maneno kadhaa, na kila moja lina mtego wake. "Shetani" na "jini" yametoka katika Kiarabu, nayo yamebeba mafundisho ya dini. "Mzimu" ni ndugu wa umuzimu wa Kinyarwanda, lakini abazimu ni roho za wafu ambazo huweza kuwasumbua walio hai, ilhali imandwa waliombwa kuwakinga watu dhidi ya abazimu hao. "Kupandwa na pepo" kunafanana kwa sauti na kubandwa, lakini kubandwa kunatokana na maana ya kukandamizwa, si ya kupanda.

Maoni yangu ni kwamba tuliache neno imandwa kama lilivyo, na kulieleza mara ya kwanza linapotajwa: mashujaa wa kale waliokufa na kuombwa kama walinzi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Lugha rasmi inapaswa kuweza kusimulia habari za wenyeji bila kuwatukana bibi zao. Kusema hivi si kumtaka mtu arudi chini ya umuko. Ni kumtaka asimulie kwa haki.

Na Kiswahili si mgeni mlimani hapo. Jina Karisimbi linahusishwa na isimbi, kauri nyeupe, kwa sababu ya weupe unaoonekana kileleni wakati wa baridi kali. Kamusi za Kiswahili nazo zina neno simbi, lenye maana hiyo hiyo ya kauri. Kauri hutoka baharini. Ililetwa na wafanyabiashara, mkono kwa mkono, mpaka ikaupa jina mlima ulio mbali kabisa na pwani. Wanyarwanda waliipokea bila kuibadilisha ikawa kitu kingine. Nasi tulipokee neno imandwa vivyo hivyo.